Jumatatu Tuliyokataa Kupanda

Alhamisi. Mvua imeanza tangu asubuhi na bado haijachoka. Hapa kwenye cyber ya Nyawera jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na mwenye cyber ametuonya tuandike haraka kwa sababu mafuta ni machache. Nataka kuyaandika haya kabla haijazimika.

Zamani shajara yangu ilikuwa daftari. Nililichoma walipoanza kupekua nyumba za mtaa wetu. Ukurasa huu wa mtandaoni hauwezi kukutwa chini ya godoro. Anayesoma huko aliko, kama yupo, ajue kwamba majina yote nimeyageuza, na langu pia. Humu naitwa Zuhura.

Naogopa. Niseme hilo mapema, nisije nikajifanya shujaa huko mbele.

Mambo yenyewe ni ya basi. Mtu wa mbali atacheka: nchi iko vitani, watu wanakimbia Bunyakiri na magodoro vichwani, na sisi wa Bukavu tunagombania basi. Lakini vita haikuondoa haja ya kwenda kazini. Haikuondoa haja ya kwenda sokoni wala hospitali.

Zamani basi la Panzi lilikufikisha soko la Kadutu kwa nauli moja. Sasa askari wa hawa wanaotutawala wameweka bariyeri, vizuizi vya barabarani, ndani ya mji wenyewe, moja mtaa wa Essence, nyingine Nyawera, na kila gari linalopita linatoa chake. Mashofa wakatafuta dawa yao. Basi linafika karibu na bariyeri, linageuza, shofa anasema safari imekwisha. Unashuka, unavuka bariyeri kwa miguu, unapanda jingine upande wa pili, unalipa upya. Mbele huko unashushwa tena. Tunaita demi-terrain. Safari ni ile ile, ila inakatwa vipande kama nyama, na kila kipande kina bei yake.

Mimi nina kazi ya ofisi katika chama cha akina mama hapa Nyawera, naumia lakini nafika. Mama anayetoka Nyangezi na mihogo yake hafiki. Anatwika na kutembea, na akifika Kadutu wanunuzi wazuri wamekwisha kuondoka. Juzi juzi mama mmoja aliyekuwa anapelekwa hospitali Panzi alishushwa Nyawera, akashushwa tena Essence, na hapo uchungu ukamzidi. Alijifungulia kwenye baraza ya duka la sabuni. Mtoto yuko hai. Nilikwenda kumwona, nikarudi na hasira ambayo sikujua pa kuiweka.

Niliiweka kwenye kamati tuliyoiunda siku zile.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia, walimu, wauguzi, akina mama wa soko, watu wa ofisi. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Noella, anafundisha sekondari, mwanamke mrefu anayesema polepole kama anayeandika ubaoni. Wengi walitaka tuwashitaki mashofa tu, kwa sababu shofa hana bunduki. Yeye alikataa.

"Shofa anatukula, na bariyeri inamukula shofa," alisema. "Tukisema juu ya shofa peke yake, tutakuwa tumesema nusu ya maneno."

Watu wakatazamana. Kila mmoja alijua nusu ya pili inaelekea wapi.

Maandamano yamekatazwa. Basi tukakubaliana kwamba hatutaandamana. Jumatatu hakuna atakayepanda basi, mji mzima utakwenda kazini kwa miguu. Hakuna bango, hakuna wimbo. Tunataka safari moja kwa nauli moja, na bariyeri za ndani ya mji ziondoke. "Nani anaweza kukataza muntu kutembea?" Mwalimu Noella aliuliza. Sote tulikuwa na jibu.

Sasa nifike pagumu. Baba yangu ana mabasi.

Mjini wanamwita Muzee Ramazani. Baba yake alitoka Ujiji na majora ya kitambaa, akafanya biashara Uvira, kisha akapanda huku Bukavu akajenga. Baba alirithi duka, na duka liliporwa katika vita ya kwanza mpaka rafu za mbao. Yalibaki minibasi mawili. Ndiyo yaliyonisomesha, ndiyo yanayotulisha nyumbani Panzi mpaka leo. Na mabasi hayo, kama ya wengine, yanakata safari.

Ijumaa baada ya swala tulikula pamoja. Mama alipoondoa sahani ndipo aliponiangalia.

"Zuhura, hiyo Jumatatu yenu. Mnamkomoa nani? Mimi au wenye bunduki?"

"Hatumkomoi mtu, Baba. Tunataka bariyeri ziondoke."

"Bariyeri haiondoki kwa sababu mimi nimelaza gari. Itasogea tu mpaka hapa mlangoni."

"Sasa tufanye nini?"

Alinawa mikono kwa muda mrefu. "Sijui. Na asiyejua afadhali anyamaze."

Nilikasirika. Nilitaka aseme ninyi mna haki, au aseme ninyi ni wajinga. Kunyamaza kwake kulinichosha kuliko ugomvi.

Jumapili wenye magari wote waliitwa kwenye ofisi ya komanda wa hao askari. Baba alirudi alasiri, akakaa sebuleni bila kuvua viatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mama akasimama mlangoni. Mimi nikakaa mbele yake.

"Kesho kila gari litoke," alisema. "Ambalo halikutoka litachukuliwa, kusaidia vita."

"Na utatoa?"

"Litatoka."

Kisha akasema jambo jingine. "Komanda aliniuliza kama nina binti anayefanya kazi Nyawera. Nikasema ninaye. Akasema, vizuri, na hakuongeza neno."

Mama akashika fremu ya mlango. Baba akaniomba nisitoke nyumbani Jumatatu. Hakuniamuru, aliniomba, na nilitamani angeniamuru, kwa sababu amri ya Baba najua jinsi ya kuibishia. Niliinuka nikaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Jumatatu alfajiri shofa wetu, Bisimwa, alikuja lakini hakuingia. Alisimama uani, kofia mkononi. Ameendesha gari la Baba miaka mingi, na sisi kwake ni jamaa.

"Muzee, unisamehe. Leo siwezi kuendesha. Mama ya batoto iko natembea na benzake. Nitamupita vipi mu njia na gari tupu?"

Nilingoja Baba amkaripie. Baba alinyoosha mkono tu, akapokea ufunguo. "Nenda nyumbani, Bisimwa. Hili nitaendesha mwenyewe. Lile jingine halina betri." Lile jingine lilikuwa na betri hadi jana yake. Nilijua, Bisimwa alijua, na sote tukaacha hivyo.

Nilipotoka, Mama hakunizuia. Alinifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akakaza fundo kuliko kawaida, akarudi jikoni.

Sijui nitaielezaje njia ile. Nimezaliwa Bukavu na sijawahi kuusikia mji hivyo. Hakuna honi, hakuna konvoyeri anayeita abiria. Ni nyayo tu. Wauguzi wenye koti jeupe mkononi, wanafunzi, makarani wenye kravate shingoni, akina mama na beseni vichwani, wote kwenye matope ya kando ya barabara, wote kimya. Mabasi yalitupita matupu, mashofa wakitazama mbele kama watu wanaopita msibani bila kusalimia. Nilitaka kulia, na sikujua kama ni furaha au ni woga. Nikaendelea kutembea.

Essence tulikuta askari wengi kuliko kawaida. Walitusimamisha kabla ya bariyeri, wakayapanga mabasi kando, wakatuambia tupande. Hakuna aliyepanda. Nyuma yetu watu wakazidi kujaa.

Komanda mwenyewe alikuwapo. Ni kijana, amevaa koti la mvua la jeshi, na ana sauti ndogo. Watu wa sauti ndogo wananitisha zaidi.

"Mbona hamupande?" aliuliza.

Mama mmoja mwenye beseni la unga akamjibu, "Hatuna franga, mukubwa."

"Hata mumoja hana?"

"Hata mumoja."

Akamgeukia bwana mmoja wa kravate. "Na wewe, wa ofisi?"

"Mushahara haijatoka, komanda."

Hakuna aliyecheka. La mshahara halikuwa uongo; mshahara wa serikali tumesahau rangi yake. Komanda akatembea mbele yetu polepole, akitazama sura moja moja. Alipofika kwangu alisimama kidogo. Nilitazama vifungo vya koti lake. Akapita.

Ndipo basi la Baba lilipokuja kutoka upande wa Panzi.

Lilikuja taratibu, likasimama mbele ya bariyeri, na Baba akateremka. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya Idi. Akaenda mlango wa abiria, akaufungua, akaita kwa sauti kama konvoyeri, kazi ambayo hajawahi kuifanya maishani mwake.

"Panzi–Kadutu. Safari moja, nauli moja. Sikati Essence, sikati Nyawera."

Komanda akatabasamu. Alidhani Baba amekuja kumsaidia, kuwavuta watu wapande ili mgomo uvunjike, na redio iseme saa sita mchana kwamba mji unasafiri kama kawaida.

Mimi pia nilidhani hivyo.

Mwalimu Noella alikuwa ubavuni mwangu. Alinisemesha bila kugeuza kichwa. "Zuhura, huyu ni baba yako. Tupande ao tusipande?"

"Sijui."

"Ujue sasa."

Tukipanda na ikawa ni mtego, tumeuvunja mgomo wetu kwa mikono yetu, na ni mimi niliyeuvunja, binti wa mwenye gari. Tusipopanda na ikawa anasema kweli, tumekataa kile kile tulichotoka kukidai. Nilimtazama Baba anipe ishara. Hakunitazama hata kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango, na macho yake yalikuwa kwenye mti wa bariyeri uliolala kukata njia.

Nikaitazama kanzu. Hakuna mtu anayeendesha basi kwenye matope ya Panzi na kanzu ya Idi. Baba yangu alikuwa amevaa kama mtu asiyejua atarudi nyumbani katika hali gani, na ambaye hataki kukutwa mchafu.

Nikapanda. Nilikaa nyuma ya kiti cha shofa. Nyuma yangu akapanda Mwalimu Noella, kisha yule mama wa unga, kisha wengine, mpaka basi likajaa na mlango ukashindwa kufunga.

Komanda aliamuru mti uinuliwe bila kudai kitu, akaturuhusu kupita kwa mkono, kama mwenyeji anayeaga wageni.

Baba aliendesha polepole mno. Nilifikiri ni kwa sababu hajashika usukani siku nyingi. Kisha nikatazama nyuma nikaona: waliokosa nafasi walikuwa wanatembea nyuma ya basi, na Baba alikuwa anaenda mwendo wao. Hatukuwa tena basi na watembea kwa miguu. Tulikuwa kitu kimoja kirefu kinachojikokota kuelekea Nyawera.

Wale waliosema hawana franga wakapitisha nauli. Niliipokea mimi.

Bariyeri ya Nyawera ilikuwa mti wa mkaratusi juu ya mapipa mawili. Askari alikuja dirishani.

"Muzee, ya bariyeri."

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hawa wamelipa safari yao. Mimi nimelipa kodi ya mji na karatasi zote za gari. Ya hapa sina."

Baba aliyasema hayo kwa upole, kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa fulani kimekwisha. Yule askari akaingiza mkono dirishani, akazima gari, akachukua ufunguo.

"Bote bashuke."

Hakuna aliyeshuka.

"Nimesema mushuke."

Mama wa unga alikuwa karibu na dirisha. Akamwambia, "Hatuyafika, mutoto yangu."

"Nini?"

"Tuko naenda Kadutu. Hatuyafika."

Na mtu wa nyuma akasema, "Hatuyafika." Na mwingine, kwamba hatujafika. Hawakupaza sauti. Walisema kama watu wanaotaja majina yao. Nami nilisema, na sauti yangu ikatoka nyembamba, nikairudia ili itoke vizuri.

Wale wa miguu walikuwa wamefika. Walisimama nyuma yetu, kisha pembeni, kisha barabara yote ikajaa, na wengine walikuwa bado wanakuja. Askari mmoja akakoki bunduki. Ule mlio mdogo wa chuma ulikata maongezi yote. Chini kule nikaona gari jeupe la waangalizi wa kigeni linapanda. Likasimama. Moyo wangu ukainuka. Likageuza, likarudi lilikotoka.

Sikujua kwamba mtu anaweza kusikia upweke katikati ya umati mkubwa namna ile.

Komanda alifika na pikapu. Safari hii hakutabasamu. Alifungua mlango wa shofa na Baba akateremka kabla hajavutwa.

"Muzee Ramazani, nilikuambia utoe gari."

"Nimelitoa."

"Sikukuambia usilipe."

"Hukuniambia nilipe."

Akampiga kofi.

Baba yangu ana mvi kichwa kizima. Nilisikia mlio ule, nikainuka, na Mwalimu Noella akanishika kitenge kwa mikono miwili akanikalisha. "Ukishuka, watakuwa nanyi wawili," alininong'oneza. Niliuma kidole changu. Alama iko mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Baba alingoja kidogo, kama mtu anayehakikisha meno yake yako mahali pake. Kisha akasema, na barabara nzima ikamsikia, "Gari chukua. Hawa watu wafike."

Akatugeukia. "Shukeni, wanangu. Mmalizie kwa miguu."

Hapo tulishuka. Tulishuka kwa sababu aliyetuambia alikuwa yeye. Walimpandisha Baba kwenye pikapu, askari wawili wakambana katikati, na pikapu ikaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mti wa mkaratusi na sikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa mbele. Sijui nani aliuinua. Nilichoona ni ule mti ukipanda na kuangukia pembeni, na watu wanapita. Risasi zikapigwa juu. Tulichutama, mji mzima ukachutama, kisha mtu mmoja akasimama, na wengine wakasimama, na tukatembea mpaka Kadutu.

Sikumbuki kufika.

Jumanne mimi na Mama tulimpelekea Baba chakula kambini kwa askari. Mlinzi alikipokea, akafunga lango. Tulikaa kwenye nyasi ng'ambo ya lango, Mama akihesabu tasbihi. Tulipokuwa pale niliona barabara imejaa watu tena. Kamati haikuwa imetangaza siku ya pili. Walitembea tu. Na mabasi hayakuwapo. Kila mwenye gari aliyefuatwa nyumbani alisema betri imekufa. Betri za Bukavu nzima zilikufa kati ya Jumatatu na Jumanne.

Jana Jumatano redio ilisoma tangazo. Bariyeri ya Nyawera imeondolewa. Ya Essence inabaki kwa usalama, lakini magari ya abiria hayatadaiwa. Ni marufuku kukata safari. Walilisoma kama vile ni wazo lao wenyewe, walilolipata kwa huruma yao.

Sikushangilia. Baba alikuwa bado ndani.

Alirudi jana alasiri, kwa miguu. Midomo imevimba, kanzu imechanika begani. Mama alimwosha uso, akampa uji, naye akanywa kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikaa chini karibu na miguu yake.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekuambia, ungepanda bila hofu, na yule kijana angeliona hilo usoni mwako. Uso wako haujui kuficha kitu."

"Nilidhani umekubaliana nao."

"Niliona."

Nikaanza kusema samahani, akaninyamazisha kwa mkono.

"Wala usinishukuru. Sikufanya kwa ajili ya kamati yenu. Aliponiuliza habari za binti yangu, nilijua lile gari limekwisha kuwa lao, litoke lisitoke. Mtu akikutajia mtoto wako, ujue ameanza kuhesabu mali yako. Nikasema basi, kabla hawajalichukua, lifanye safari moja ya halali."

Kisha akalala, na alilala akiwa ameketi.

Gari hawakulirudisha. Nimeliona leo asubuhi, limejaa askari, linaelekea mji wa Miti, upande wa vita, matope mpaka madirishani. Bisimwa anaendesha lile la pili. Amenipandisha Panzi, akanishusha Nyawera, hakukata, na watu ndani walikuwa wanaongea bei ya maharage kama kawaida. Pale ulipokuwa mti wa mkaratusi yamebaki mapipa mawili na mbuzi wa mtu.

Nilitaka kuishia hapa. Ingekuwa shajara nzuri.

Lakini kabla sijaondoka nyumbani Mwalimu Noella alikuja, ameloa mvua mpaka mifupa. Kamati imeitwa Jumamosi kwenye ofisi ya komanda. Wamesema ni kuzungumza. Wawili kati yetu wamekwisha kuvuka mpaka kwenda kwa jamaa zao, na siwalaumu. Yeye atakwenda. "Tusipoenda, watasema hatukuwa na la kusema," aliniambia. "Na bariyeri itarudi Jumatatu." Hakuniuliza kama nitakwenda. Alikunywa chai akaondoka.

Mama alisema hapana. Alilisema mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya mamake, mpaka akaishiwa pumzi. Nilikuwa namtazama yeye, nikisubiri Baba aseme kutoka chumbani alikolala, kwa sababu nilijua hajalala.

Alisema mwishowe.

"Zuhura. Jumamosi usivae vile viatu vya kisigino."

Mama aliutazama ukuta wa chumba kile kana kwamba angeweza kuuona uso wa Baba nyuma yake. Kisha akakaa chini.

Je, kwenda ni ushujaa, au ni kiburi tu cha mtu aliyeshinda kidogo? Nimejiuliza njia nzima. Nikienda, huenda nikawapa wanachokitaka. Nikibaki, nitakuwa nimemwachia Mwalimu Noella kusema peke yake, na mimi nitaendelea kupanda basi lisilokatwa kila asubuhi kana kwamba lilishuka na mvua. Najua siwezi. Sina ujasiri, ila hilo siliwezi kabisa.

Mwenye cyber anagonga meza. Mafuta yanakwisha.

Kabla ya kuja hapa nimepitia dukani nikanunua raba za kitambaa, za bei ndogo, nyeusi. Ziko miguuni hapa chini ya meza. Nazizoeza.